Anayerejea nyumbani anahitaji mboga, si gobore

YAPO maswali ambayo vijana wetu huuliza kwa utani, lakini mtu mzima akiyatafakari anakuta yamebeba jambo zito. Swali moja la aina hiyo nimelisikia zaidi ya mara moja pale Old Town, Lilongwe, kwenye vibanda vya jirani na soko na kituo cha mabasi, mahali ambapo Mrundi, Mkongo, Mnyarwanda na Mtanzania hukutana na Mmalawi kutafuta riziki.

Vijana hao hupokea kwenye simu zao video kutoka Marekani, ambako ndugu zetu kadhaa wa kambi ya Dzaleka walihamishiwa. Humo wanamwona mzungu mwenye bastola ya kizamani, ile ya baruti nyeusi, akitembea porini kuwinda sungura na kindi siku ya mapumziko. Ndipo wanapouliza: inakuwaje kule jambo hili ni burudani, lakini kwetu mtu akikutwa na gobore na sungura mmoja anaishia mahakamani?

Swali hilo linastahili kujibiwa, kwa sababu wanaoliuliza si watalii. Wengi wao wanafikiria kurudi nyumbani, au kutahuka kama tunavyosema sisi wa Burundi, na wengine wanapita mpakani kila mwezi na mizigo. Kwao jibu lisilo sahihi linaweza kugharimu miaka ya maisha yao.

Tuanze na bastola yenyewe. Ni kifaa cha karne ya 19. Silinda yake kwa kawaida ina matundu sita. Kila tundu hujazwa baruti, risasi ya mviringo hushindiliwa juu yake, na nyuma huwekwa fataki. Inayojulikana zaidi ni Colt ya mwaka 1851, na viwanda vya Italia vinatengeneza nakala zake mpaka leo. Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 haihesabu silaha za namna hiyo pamoja na bunduki za kawaida. Hata hivyo, anayewinda nayo bado anabanwa na sheria za jimbo lake kuhusu leseni, msimu na idadi ya wanyama.

Kwa hiyo yule mzungu wa kwenye video hayuko huru kama vijana wanavyodhani. Bastola yake imetoka kiwandani na mtutu wake umepimwa kabla ya kuuzwa. Baruti ameinunua dukani. Na kubwa kuliko yote, akimkosa sungura anarudi nyumbani na kufungua jokofu. Kwake uwindaji ni mchezo, na watoto wake hawalali njaa kwa sababu risasi imekwenda upande.

Sisi ndugu wa bastola hiyo tunamjua kwa jina la gobore. Nalo hupakiwa baruti kwa mbele, hushindiliwa kwa mdeki, na hulipuliwa kwa fataki au, lile la zamani zaidi, kwa gumegume. Tofauti ni kwamba gobore hutoa mlio mmoja tu, kisha mwindaji anaanza upya kupakia huku mnyama ameshatokomea.

Gobore halikuota porini. Lilikuja na misafara. Njia zile zile zilizopita Tabora na Ujiji, na zile zilizovuka Ziwa Nyasa hadi Nkhotakota kwa akina Jumbe na Karonga kwa Mlozi, zilileta nguo, shanga, bunduki na baruti, zikarudi pwani na pembe za ndovu na watumwa. Mlozi alinyongwa na Waingereza Desemba 1895, lakini bunduki zilizokuwa zimesambaa bara hazikuondoka naye.

Wakoloni nao walichangia kulidumisha. Katika mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini yakaacha nafasi kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Ndiyo maana babu zetu walibaki na gobore wakati dunia imeshahamia kwenye bunduki za kupakiwa kwa nyuma. Huko Luangwa, Zambia, mtafiti wa Marekani Stuart Marks alianza katika miaka ya 1960 kuandika habari za wawindaji wa Kibisa, na silaha aliyowakuta nayo ilikuwa hiyo hiyo.

Kwa hiyo naelewa mzee anaposema gobore ni urithi. Lakini lile analobeba kijana wa leo mara nyingi si la babu. Ni la mhunzi wa kijijini, aliyechukua bomba la maji au chuma cha usukani wa gari, akaliziba upande mmoja na kulifunga kwenye kipande cha mti. Baruti yake hukorogwa nyumbani au kuibwa machimboni. Badala ya risasi hutiwa vipande vya nondo, gololi na misumari iliyokatwa.

Mtu anayeshika chombo hicho karibu na shavu lake anacheza na uso wake mwenyewe. Baruti ikizidi kidogo, au kitambaa kikishindiliwa vibaya, bomba hupasuka nyuma badala ya kutoa risasi mbele. Nilipokuwa mwanafunzi ukimbizini, jirani yetu mmoja alipoteza vidole vitatu na jicho kwa namna hiyo. Watu waliambiwa ameumia akipasua kuni, na kila mtu alijifanya ameamini.

Hata likilipuka vizuri, kazi yake si safi. Vipande vinatawanyika. Kanga au funo anaweza kupigwa ubavuni, akakimbia na jeraha na kufia mbali, akawa si wa mwindaji wala si wa pori. Anayepatikana naye hubaki na vipande vya chuma na risasi nyamani, na madini ya risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto mdogo. Huyo ndiye tunayemwekea bakuli la mchuzi.

Hata hivyo, hatari ninayotaka msomaji aliyerejea aizingatie zaidi iko mpakani.

Gobore linapokuwa kijijini, majirani wanaweza kuliona kama jembe la mwindaji. Likivuka mpaka, hakuna askari atakayeliona hivyo. Burundi na Kongo Mashariki ni nchi zilizopigana. Mtu anayerudi kutoka ukimbizini, ambaye jina lake halijazoeleka tena kwenye kitongoji chake, akikutwa usiku na mtutu wa aina yoyote, swali la kwanza ni ametumwa na nani. Akijibu kwamba alikuwa anatafuta sungura, ni nani atakayemwamini?

Sheria nazo hazimsaidii. Nchi za SADC zilitia saini itifaki ya kudhibiti silaha Agosti 2001, tena mjini Blantyre, huko huko Malawi. Nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilifuata na itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004. Anayejitetea kwamba gobore lake ni kitu cha kale ajue kwamba itifaki ya silaha ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 haikubali kuita ya kale silaha yoyote iliyotengenezwa baada ya mwaka 1899. Lile la bomba la maji halimo.

Na nyama yenyewe ni kesi nyingine. Mahakama za Tanzania zimewahi kuwafunga watu miaka 20 kwa kukutwa na nyama ya porini, kwa kuwa sheria inaihesabu kuwa nyara ya serikali. Malawi iliirekebisha sheria yake ya wanyamapori mwaka 2017 na kuongeza adhabu hadi kifungo cha miaka 30 kwa makosa makubwa kama ya tembo na faru. Ndugu zangu wafanyabiashara wa Kasumulu, Tunduma na Manyovu wanajua jinsi kifurushi cha nyama kavu kinavyoweza kuitwa samaki na kuwekwa katikati ya gunia la mwenye mzigo asiyejua kitu. Gunia likifunguliwa, anayefungwa ni mwenye mzigo.

Mpaka hapo msomaji anaweza kudhani namwandama mwindaji. Hapana. Nimeishi kambini ujana wangu wote na najua kinachompeleka porini. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, na kuna aina ya njaa ambayo haihesabiwi kwenye karatasi za mgao.

Mgao wetu kwa miaka mingi ulikuwa unga wa mahindi, maharage au njegere, mafuta na chumvi. Tumbo lilijaa. Lakini mtu aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika akala maharage mwezi wa kwanza hadi wa kumi na mbili, moyo wake unatafuta kitoweo. Wamalawi wanaita ndiwo, sisi tunaita mboga, na bila hiyo ugali ni adhabu.

Januari 2008 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyamapori, lilitoa ripoti kuhusu kambi za kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Jina la ripoti lilitokana na msemo wa wakimbizi wenyewe: mchicha wa usiku. Ndivyo ilivyoitwa nyama ya porini, kwa kuwa ilipikwa na kuliwa gizani. Ilielezwa kwamba katikati ya miaka ya 1990 kambi mbili kubwa zilikuwa zikila takriban tani 7.5 za nyama hiyo kwa wiki.

Ripoti hiyo haikuishia kuwalaumu wakimbizi. Ilisema wazi kwamba mashirika yalifumba macho kuhusu chanzo, yaani kukosekana kwa nyama katika mgao. Ikaongeza kwamba wakimbizi wa Croatia, Slovenia na Serbia walikuwa wakipewa nyama ya kopo. Msomaji ajiulize mwenyewe kwa nini mkimbizi wa Ulaya alionekana kuwa na meno ya nyama na wa Ngara akaonekana hana.

Dzaleka nako habari ni ile ile. Kambi hiyo iko wilayani Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Zamani ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Kamuzu Banda, ikafunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994. Ilipangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000, ikaja kubeba zaidi ya 50,000. Mgao uligeuzwa kuwa fedha, kisha ukapunguzwa mara kadhaa. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakifanya biashara mijini warudi kambini, na wengi wakaacha maduka waliyoyajenga kwa miaka. Aliyekuwa akiuza mafuta na sabuni mjini na kununua kilo ya nyama Jumamosi, sasa anahesabu kwacha za nyanya.

Mtu wa namna hiyo anapofikiria kurudi nyumbani, anajua atapokelewa na chakula cha miezi michache na vyombo vya jikoni. Shamba huenda lina mtu mwingine. Mbuzi hana. Ziwa liko mbali au nyavu hana. Hapo ndipo mtu anapomwambia kwamba kuna fundi anatengeneza gobore kwa bei nafuu, na pori liko nyuma ya mlima.

Kwa mtazamo wangu, kumwambia mtu huyo "usiwinde" na kunyamaza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwonyesha mboga itakapotoka.

Wenyeji wetu wa Malawi wenyewe wanatufundisha kitu. Ukisafiri barabara kuu ya kwenda kusini baada ya mavuno, utawaona vijana wameshika vijiti vilivyopangwa panya wa shambani waliochemshwa na kukaushwa. Wapo kati yetu wasiomla kwa sababu ya dini, na hilo liheshimiwe. Lakini angalia walivyompata: kwa jembe na mtego. Hakuna baruti wala aliyepoteza jicho. Kasoro iliyopo ni wale wanaochoma mashamba na nyasi ili kuwafukuza panya, kwani moto haujui mpaka wa shamba la jirani.

Njia iliyo bora zaidi ni kufuga. Sungura jike wa kufugwa hubeba mimba siku 31 hivi na huzaa watoto sita, saba au zaidi kwa mara moja. Anakula majani na mabaki ya jikoni, banda lake ni mbao na waya, na samadi yake inakuza mchicha wa mchana, usio na haja ya kufichwa. Nyuma ya nyumba za matofali mabichi za Dzaleka, mahali ambapo hata kamba ya nguo inagombaniwa, nimeona mabanda ya namna hiyo yakisitawi. Simbilisi anahitaji nafasi ndogo zaidi. Hivyo aliyezoea kufuga kwenye uwanja wa hatua nne hatashindwa akipata kiwanja chake nyumbani.

Wafanyabiashara wa mpakani nao wana nafasi yao. Usipa wa Ziwa Nyasa na dagaa wa Kigoma ni mboga halali, nyepesi kubeba, zisizooza haraka, na kila kijiji kinazitaka. Kwa mwenye mtaji mdogo, gunia la usipa lenye stakabadhi lina faida ya uhakika kuliko kifurushi cha nyama kinachomfanya atetemeke kila akiona kizuizi cha barabarani. Na mtu asikubali kubebeshwa mzigo ambao hajaufungua kwa mkono wake.

Kuhusu magobore ambayo tayari yako mikononi mwa watu, hatuna haja ya kubuni jambo jipya. Jirani zetu wa Msumbiji wamelifanya. Vita vyao vilipokwisha kwa mkataba wa Roma wa Oktoba 1992, wakimbizi wapatao milioni 1.7 walirejea kutoka nchi jirani, na zaidi ya milioni moja walitoka Malawi. Walirudi kwenye nchi iliyojaa silaha. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, chini ya Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mpango wa kubadilisha silaha kwa zana. Aliyeleta bunduki alipewa jembe, baiskeli au cherehani. Bunduki zilikatwakatwa, na wasanii wakazigeuza sanamu. Kiti kimoja kilichoundwa kwa vipande vya silaha hizo kimewekwa katika jumba la makumbusho la British Museum, London.

Mpango ule ulifanikiwa kwa sababu ulimwuliza mwenye silaha anahitaji nini ili aishi bila hiyo silaha. Swali hilo ndilo linalokosekana kwetu. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kila mwaka, hadi 2030, kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Ni jambo jema. Lakini mwenye gobore akilipeleka kituoni na kurudi mikono mitupu, atakwenda kwa mhunzi mwezi wa pili. Angerudi na sungura watatu na waya wa banda, au na nyavu halali, habari ingekuwa nyingine.

Nina maombi matatu. Kwanza, mashirika yanayosimamia safari za kurejea yaweke mifugo midogo na dagaa katika mfuko wa anayerejea, badala ya unga na maharage peke yake. Pili, serikali za pande zote za mpaka zifanye mwezi wa Septemba uwe wa kubadilishana na si wa kunyang'anya, na anayesalimisha apewe karatasi itakayomlinda asisumbuliwe kesho. Tatu, Tanzania, ambayo ilitunga kanuni za mabucha ya nyama ya wanyamapori mwaka 2020, ihakikishe nyama hiyo halali inafika hata kwenye wilaya za mpakani, kwa bei ambayo mkulima anaimudu.

Na kwako kijana wa Old Town uliyeuliza swali lile: yule mzungu na bastola yake hana cha kukufundisha, kwa kuwa hana shida yako. Ukipanda basi la Karonga mwaka huu au mwakani, beba vyeti vyako vya shule, beba mbegu, na kama nafasi inaruhusu uliza utaratibu wa kuvuka na sungura wawili kwenye kikapu, kwa kuwa mifugo inayovuka mpaka hudaiwa kibali. Kama uko nyumbani tayari na gobore liko darini, zungumza na mwenyekiti wa mtaa wako au kiongozi wa dini unayemwamini kabla ya Septemba, msindikizane mchana kweupe kulikabidhi. Usiende peke yako, wala usiende usiku.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya msingi, aliyesoma ukimbizini Tanzania na kufundisha Dzaleka kabla ya kurejea nyumbani.